Anatunza nyumba kumi na moja za Wamarekani, ile ya Dilala aliiuza

Saa moja asubuhi, Polycarpe Kisimba yuko juu ya paa la mtu ambaye hayupo. Amejifunga kamba kiunoni, koleo pana liko mkononi, na theluji imemfika mapajani. Anakata kipande, anakisukuma, kinateleza na kuanguka chini kwa kishindo. Kisha anakata kingine.

Tangu jana jioni zimeshuka sentimita themanini. Hapa kwenye uwanda wa Tug Hill, jimbo la New York, hiyo si habari ya kumtoa mtu kitandani. Upepo wa baridi unapita juu ya Ziwa Ontario, ambalo maji yake bado yana uvuguvugu, unabeba mvuke, na ukifika kwenye vilima hivi unaumwaga wote. Msimu mmoja unaweza kuleta zaidi ya mita sita. Jirani wa karibu yuko kilomita mbili, duka liko kilomita ishirini, na barabara ikifungwa, imefungwa.

"Ukiiacha siku tatu, nyumba inaanguka," anasema bila kugeuka. "Theluji iko muzito. Bantu banaionaka nyeupe, banawaza iko kama pamba."

Kisimba ana miaka hamsini na saba. Alizaliwa Kolwezi, mji wa madini wa Katanga nchini Kongo, na kwa muda mrefu hakujua baridi nyingine isipokuwa ile ya Juni inayowafanya watu wa mtaa wake wa Dilala wavae makoti asubuhi na kuyavua saa nne. Leo ndiye fundi wa mapaa wa barabara hii yote.

Wazee wengi wa huku hukimbilia kusini kwenye jua ifikapo Novemba, na funguo zao wanamwachia yeye. Mwaka huu ni funguo kumi na moja. Anaondoa theluji juu ya paa, anaingia ndani, anatazama kama tanuru la kupashia moto linafanya kazi, anafungua bomba kidogo maji yasigande, anafunga mlango, anakwenda nyumba inayofuata. Paa moja ni dola mia na hamsini. Majira ya joto yakija, kazi hiyo inakufa, naye anakamua ng'ombe kwenye shamba la maziwa.

Mwaka jana kanisa la kijiji lilimpa cheti chenye fremu: Jirani Mwema. Cheti hicho ndicho kilichomleta mwandishi wa makala haya mpaka huku. Mtoto wa Dilala anaaminiwa na wazungu hata wanamwachia nyumba zao. Ni hadithi tamu, ya kusomwa na chai. Kisimba mwenyewe ndiye aliyeiharibu, tena siku ya kwanza.

"Usiandike vile," alisema jikoni kwake. Cheti alikuwa amekigeuza, kinatazama ukuta. "Kama unaandika, andika yote. Mi nilipewaka nyumba ingine ya kuchunga, kule Kolwezi. Ile sikuichunga. Niliiuzisha."

Mkewe, Fidélie, alikuwa akisonga bukari. Aliweka mwiko chini, akatoka. Hakutaka kuzungumza na gazeti, na kwa siku tatu alishika msimamo huo.

Nyumba anayoizungumzia ilikuwa nyumba ya kampuni ya madini, kule Dilala: vyumba vitatu, saluni ya kupokelea wageni na bomba uani. Aliishi humo Tshiamala, fundi wa kuchomea vyuma, pamoja na mkewe Mama Kapinga na watoto sita. Baba yake Tshiamala aliletwa kutoka Kasai, jimbo la jirani, kufanya kazi ya madini. Tshiamala mwenyewe alizaliwa Kolwezi na Kasai alikuwa hajaiona.

Kisimba alikuwa akipanga chumba uani kwa watu, mtaa huohuo. Kazi ya kuchomea alifundishwa na Tshiamala. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, aliyekuja kila asubuhi kumwogesha ni Mama Kapinga.

Mwaka 1993 mambo yalikuwa yamekwisha kuoza. Mashine zilikuwa zinasimama moja baada ya nyingine, mishahara inachelewa kwa miezi, na watu wenye njaa walikuwa wakiambiwa kwamba mchawi wao ni jirani. Wenye asili ya Kasai wakaanza kuitwa "bilulu", yaani wadudu. Vijana walipita mlango kwa mlango wakiwatoa watu ndani na kuwaambia warudi kwao.

"Mi sikubaitaka vile hata siku moja," anasema Kisimba. Kisha anajisahihisha. "Lakini sikumukataza mutu kubaita."

Wazo la rangi lilikuwa la Mama Kapinga. Alikuwa ameona kwamba nyumba zenye jina la Mkatanga mlangoni zinarukwa. Akamwita Kisimba. "Polycarpe, andika jina yako ku mulango yetu. Siku tutarudia, tutaifuta."

Kisimba akaleta rangi nyekundu kutoka karakana. Mama Kapinga aliushika mkebe kwa mikono miwili, rangi isidondoke kwenye kizingiti alichokisugua asubuhi ile, na Kisimba akaandika kwa herufi kubwa: KISIMBA, KATANGAIS, yaani Mkatanga.

Familia ya Tshiamala ikaenda kulala kituo cha garimoshi, chini ya plastiki, pamoja na maelfu ya wengine waliokuwa wakingoja kusafirishwa. Kisimba aliwapelekea unga mara mbili. Mara ya pili Mama Kapinga alimpa ufunguo. "Kila dimanche ufunguaka madirisha," alimwagiza, "nyumba isinuke."

Mara ya tatu hakwenda. Kazini walikuwa wameanza kuuliza ni nani huyu anayelisha bilulu. Siku garimoshi lilipoondoka, honi yake aliisikia akiwa nyumbani.

"Nilikuwa naikala ku kiti. Sikukuwa mugonjwa. Nilikuwa naogopa, tena nilikuwa nasikia haya ya kuogopa, njo nikaikala tu."

Madirisha aliyafungua Jumapili zote za miezi miwili. Kisha mvua ikaanza kuingia kwenye chumba chake cha kupanga. "Tuliingia mu chumba moja tu," anasema. "Nyuma, tukaingia mu ya pili."

Ikafika siku akaja karani mwenye daftari, akiandikisha nani anaishi wapi. Aliuliza nyumba hii ni ya nani. Kisimba alionyesha tu mlango kwa kidole. Jina lilikuwa pale, la mkono wake mwenyewe, tena kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Karani akaandika. Miaka ilipokwenda, na nyumba zikaachiwa wale waliokuwa wanaishi ndani, ile karatasi ya karani ikazaa hati.

Tshiamala alifia Mwene-Ditu, kule Kasai, mwaka uliofuata kufukuzwa kwao. Kisimba alizipata habari hizo baada ya miaka mitatu, akiwa amekaa kwenye saluni ya marehemu.

Mwaka 2009 alishinda bahati nasibu ya viza za Marekani. Tiketi za watu wanne si mchezo. Kobalti, madini ya betri, ilikuwa imeanza kutafutwa, na mfanyabiashara mmoja alikuwa akinunua nyumba Dilala si kwa sababu ya nyumba bali kwa kilicho chini yake. Kisimba akamuuzia.

Mwenzetu aliyeko Kolwezi alikwenda kuitazama wiki hii. Mlango haupo tena. Juu ya saluni pametandikwa turubali, na chini yake kuna shimo ambamo vijana wanashuka kwa kamba na kupandisha magunia. Nje teksi za pikipiki zinangoja mzigo. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kusikia jina la Kapinga.

Lakini haya si yale yanayomkosesha Kisimba chakula. Kinachomkosesha chakula kilianza mwaka 2016, pale Kanku, binti mkubwa wa Tshiamala, alipoipata namba yake kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma Dilala. Alimpa mama yake simu. Mama Kapinga alilia, akamwombea baraka yeye na watoto wake, akauliza: "Polycarpe, nyumba iko?"

"Iko, mama."

Maneno mawili tu. Kwa miaka minane amekuwa akiyarudia kila Mwaka Mpya. Mama Kapinga humshukuru kwa kumchungia nyumba, naye humtumia picha za theluji. Mama huyo anacheka na kuuliza watu wa huko wanaanikia wapi nguo.

Januari hii Kanku alipiga simu tena. Mama yake sasa ana miaka sabini na sita, na amesema anataka kufia Kolwezi, nyumbani kwake. Ameshauza cherehani yake kupata nauli, anasafiri Pasaka. "Anasema funguo utamutumia mutu amupatie ku gare," Kanku alimwambia.

Hesabu ni rahisi na haina pa kutorokea. Kisimba asiposema, mwanamke huyo atashuka kituo kilekile alichofukuziwa, atakwenda Dilala kwa miguu yake ya uzee, na atakuta magunia. Akisema, basi itabidi aseme yote, mpaka yale "iko, mama" ya miaka minane.

Mwandishi alimuuliza kwa nini alichagua kazi hii, kati ya kazi zote. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Sikuichagua. Muzee moja alinipa funguo, wa pili akasikia." Alifuta koleo kwa mkono wa koti. "Kila siku nafungua nyumba ya mutu, naangalia bomba, nafunga. Hata kijiko haiyapotea. Basi kuchunga najua. Nilijuaka tangu kule. Njo ile inanipa haya. Kama nilikuwa mujinga, ingekuwa afazali."

Jumapili, saa tatu asubuhi, barabara ilikuwa bado haijafunguliwa na misa ilikuwa imewapita. Kwa saa za Mwene-Ditu ilikuwa saa kumi jioni. Kisimba aliweka simu mezani, sauti ikiwa wazi, akamwomba mwandishi asiondoke. "Ukiondoka nitakata," alisema. Fidélie alisimama mlangoni, mikono ameifunika kwenye aproni.

Kanku alipokea, akampa mama yake. Salamu zilichukua muda mrefu, maana Mama Kapinga aliuliza hali ya kila mtoto kwa jina. Kisha Kisimba akasema. Hakupamba. Alisema: niliingia, nikaandikisha, nikauza, nikakudanganya. Alisema mwaka wa kila jambo, kama mtu anayesoma.

Upande wa pili palisikika kuku.

"Ndani kunakaa nani?" Mama Kapinga aliuliza hatimaye.

"Bachimba mawe, mama. Balitoboa mu saluni."

"Ile sima ya sakafu, Tshiamala alimwaga na mikono yake."

"Najua, mama."

Kisimba akaanza kuahidi kwamba atatuma pesa kila mwezi. Mama Kapinga alimkatisha, si kwa ukali.

"Feza sikukuomba. Kolwezi sitaenda tena. Sasa weye njo utakuja huku." Alivuta pumzi. "Batoto bangu bote sita balikomaa na kasirani ya Katanga. Miye njo nilikuwa nabakataza. Kila mwaka nilibaambia, hapana, kule kuko mutu moja ya roho muzuri, anatuchungia nyumba. Basi kuya ubaambie weye mwenyewe. Mi siwezi kubaambia."

Simu ikakatika, au akaikata.

Kisimba alikaa na mikono juu ya meza. Machozi hayakuwepo. Alikuwa mwekundu wa macho na mdogo ndani ya sweta lake, mwanamume mwenye mabega ya kuondoa tani za theluji. Alisema alikuwa amejiandaa kutukanwa, na kwa kuwa hakutukanwa hajui aishike wapi aibu hii.

"Bakinipiga nitashukuru," alisema. "Kitu naogopa ni ile sita bananiangalia, na kila mutu anakumbuka vile mama yake alikuwa ananisifu."

Ana mpango, na ameomba uandikwe ili asiweze kuutoroka. Theluji huisha mwezi wa Aprili, wenye nyumba wanarudi. Mwezi wa Mei, badala ya kwenda kukamua, atapanda ndege mpaka Kinshasa, kisha Mbuji-Mayi, kisha gari mpaka Mwene-Ditu. Atakaa siku zote watakazotaka akae, na atajibu kila watakachouliza. Msamaha hautaji. Anatumaini tu kwamba Mama Kapinga, anayezeeka, atamngoja.

Alivuta kompyuta ya binti yake na kuanza kutafuta tiketi, kidole kimoja kimoja. Pale alipoulizwa wasafiri ni wangapi, aliandika moja.

Fidélie akatoka mlangoni. Alikuja akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, na kwa mara ya kwanza alimtazama mwandishi.

"Andika mbili," alimwambia Kisimba. "Noeli ya ile mwaka nilivalaka kikwembe ya Mama Kapinga, ile aliachaka mu nyumba, ku misa. Bamama bakaniambia imenipendeza, na mi nikasema merci."