Chozi wa Mlangoni

Nilisikia kioo kikilia kabla sijakiona. Nilikuwa nimeshuka kwenye gari la Masasi, mzigo ungali kichwani, na kutoka ndani ya nyumba yetu ya Newala ukaja mlio wa kitambaa chenye majivu kikisugua kioo. Nikajua Mama, mchoraji wa vioo, amepata kazi.

Biashara ya watu binafsi ilikuwa imeruhusiwa. Wanunuzi wa korosho walikuja wenyewe, na pamoja nao zikaja picha za kuchapishwa, zenye maua yasiyoota kwetu. Tangu hapo hakuna aliyemwagiza Mama kitu, mpaka mnunuzi mmoja kijana, mtu wa Tandahimba, alipofungua duka. Alitaka mlango wa kioo wenye mkorosho uliochanua na ndege chozi tawini.

Mama alichora nyuma ya kioo, picha ionekane mbele. Alianza na kile ambacho wengine humalizia nacho: nukta ya mwanga katika jicho la ndege. Kisha jicho, kichwa, maua, majani. Anga ilikuja mwisho, ikafunika vyote. Nukta ikikosewa, imekosewa. Na alikuwa na mwiko wake: kioo hakigeuzwi kabla anga haijakauka.

Kijana alikuja kabla haijakauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akatazama kioo mezani. "Ndege yuko wapi? Naona bluu tupu."

"Yupo chini yake."

"Mama, watu watanicheka. Bora nibandike picha ya dukani."

"Wewe ukinunua korosho, unatazama ganda tu?"

Akacheka kidogo. "Hapana. Napasua."

"Hiki usikipasue. Kesho kifunge mlangoni."

Alipoondoka nilimsihi Mama tukigeuze, walau tuchungulie. Alikuwa anaosha brashi. "Nakijua," akasema.

Kesho yake mlango ulifungwa kwenye bawaba, ukaachwa wazi, umelala ukutani kwa nje. Watu waliosimama barazani waliona mgongo wake wa bluu tu.

"Ndiyo picha yenyewe hii?" mmoja akauliza. Mwingine akasema labda ni bahari ya Mtwara. Wakacheka. Kijana akainamisha kichwa.

Mama alikuwa ndani ya duka, anakunja kitambaa chake. Alitoka, akauvuta mlango kwa mkono wa nyuma, akapita katikati yetu bila kugeuka. Ukajifunga, na chozi akatutazama sote, jicho linawaka.