Jina Lililobaki Jandoni

Mwanangu, iko siku moja ambayo hunirudia kila nikisikia mtu akiitwa kwa sauti uani. Ilikuwa kiangazi, nyumbani kwetu Mahurunga, nami nilikuwa kijana wa chuo kikuu niliyerudi likizo na rafiki. Nakusimulia kwa sababu nasikia nawe unafunga begi kwenda chuo, na kuna jambo moja juu ya safari hiyo ambalo hawatakuambia siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Keti vizuri, mimi sina haraka. Nimeshastaafu ualimu, naishi hapa Mtawanya, na kazi iliyonibakia ni kuwauliza watu maswali wasiyoyataka.

Kwanza uijue desturi yetu. Kwetu mtoto wa kiume huingia jandoni na jina moja, akatoka na jingine. Lile la utoto hubaki kule porini, pamoja na kibanda kinachochomwa moto siku ya kutoka. Tangu hapo halitamkwi tena. Halitamki baba, halitamki mama aliyelitoa, wala wale uliokuwa ukicheza nao mchangani. Ukimwita mtu mzima kwa jina lake la utoto umemtukana, na zamani ulilipishwa kuku. Mimi nilitoka na jina la Bakari, ambalo unalijua. Lile la kwanza silitaji. Najua unalitaka, na udadisi wako naufahamu maana uliurithi kwangu, lakini hulipati.

Nitakuambia tu kwamba lilikuwa jina baya, jina la kitu kilichotupwa, ambacho ukikikuta njiani unakiruka. Wenzangu walikuwa na majina mazuri, na mama zao waliwaita kwa kuwabembeleza, wakivuta sauti mpaka inafika mtoni. Mama yangu aliniita kwa ukali, mara moja tu, sauti kavu, kama anayefukuza mbuzi kwenye muhogo. Sikumchukia kwa hilo. Mtoto hudhani kila kilicho kwao ndicho kilivyo duniani. Lakini jina lile lilipobaki porini sikulilia, nilitoka jandoni nimejipaka mafuta, nina kanzu mpya na jina jipya, naringa.

Miaka ikapita, nikafaulu, nikaenda chuo Dar es Salaam. Sitaki kukuchosha na habari za mabweni, utayaona mwenyewe. Tulilala wanne chumba kimoja, tulikula maharage mpaka tukayapa majina ya walimu wetu, na wiki za mwanzo kila mtu alijifanya mkubwa. Ukiwakuta vijana wa mwaka wa kwanza wanabishana juu ya serikali ungedhani wote walizaliwa na ndevu. Kumbe kila mmoja, akijifunika shuka, anamkumbuka mama yake. Nilijua hivyo kwa sababu ya mwenzetu mmoja aliyekuwa hajui kujifanya, jina lake Kamugisha, mtu wa Bukoba.

Kamugisha alikuwa mtu wa maswali. Aliuliza kwa nini sisi watu wa kusini tunachimba mizizi ya porini na muhogo tunao. Aliuliza kwa nini kwetu mjomba ana sauti kuliko baba. Jumamosi moja tunafua nguo nyuma ya bweni akauliza, "Mama yako alikuwa anakuitaje ulipokuwa mdogo?" Yeye mwenyewe alishatutajia lake, na mama yake alikuwa bado anamwita hilo hilo. Wakataja na wengine, tukacheka. Ikafika zamu yangu, nikalisema. Nilishangaa kulisikia likitoka mdomoni mwangu, kama sauti ya mtu mwingine. Wala sikumwonya mtu kwamba halisemwi. Ningemwonyaje, mwanangu? Jambo ambalo kwenu hata kichaa analijua, hukumbuki kwamba kuna watu hawajui.

Kamugisha akalipenda. Sijui kwa nini, alisema lina mdundo. Akawa ananiita hilo tukiwa wawili, tena kwa upole, na mimi niliye mbali na kwetu nikawa nafurahi. Likizo ndefu ilipofika, nauli ya Bukoba ikamshinda, nikamwambia twende Mahurunga.

Wazee walimpokea vizuri. Mgeni ni kuku mweupe, kila mtu alimwona na kila mtu alitaka kumlisha. Mama alimpenda kwa sababu alikuwa anaomba kuongezwa. Basi asubuhi ya tatu au ya nne, baba na mjomba wangu wamekaa barazani na uji wao, mama yuko jikoni, mimi niko nyuma ya nyumba nanoa panga. Kamugisha akatoka kuoga, hanioni, akasimama katikati ya ua akaniita. Akaliita lile jina. Aliliita kwa kulivuta na kucheka ndani yake, jinsi mtu anavyomwita ndugu aliyemkosa kidogo tu.

Nilifika mbio uani. Baba anatazama uji. Mjomba ameshusha bakuli chini. Mama alikuwa ametoka mlangoni mwa jiko ana mwiko mkononi, machozi yanamshuka, na hakuyafuta. Kisha akarudi ndani akafunga mlango.

"Nimefanya nini?" Kamugisha akaniuliza. Nikamweleza desturi, akashika kichwa. Alikwenda kupiga magoti mbele ya mjomba, naye akamwambia, "Mgeni hana kosa. Kosa ni la mpwa wangu, amefukua maiti." Akadai kuku, nusu utani nusu kweli, na huyo kuku jioni tulimla wote. Kwa wazee mambo yakawa yamekwisha.

Kwangu hayakwisha. Mtu akitukaniwa mwanawe hukasirika, na mama hakuwa na hasira. Nilimjua mama akiwa na hasira, sufuria zote kijijini zilikuwa zinajua. Alikuwa analia kwa jambo jingine, na siku zilizofuata akawa haongei na mimi zaidi ya salamu, na chakula hagusi. Siku yetu ya kuondoka ilikuwa inakaribia. Niliogopa kupanda basi nikamwacha vile, na niliogopa zaidi kwamba nisipojua sasa sitajua tena.

Nikaanza kuuliza. Baba akasema, "Muulize mjomba wako." Mjomba akasema, "Ya jandoni hayaulizwi jikoni." Shangazi akasema mama anaumwa kichwa. Kamugisha, ambaye ndiye aliyetuingiza kwenye hayo yote, akanipa akili ambayo sikuwa nayo. "Wewe umewauliza watu wote," akasema, "isipokuwa mwenyewe."

Sasa hapo pana ugumu, na wewe uliyekua na simu mkononi usiucheke. Kijana aliyetoka jandoni haingii chumbani kwa mama yake, wala hakai jikoni kumchokonoa maneno. Nikatafuta njia. Mama alikuwa akienda porini kuchimba ming'oko, vile viazi vyembamba vya mwituni tunavyochemsha. Ni kazi ya wanawake na watoto, mwanamume mzima humkuti huko, mwanafunzi wa chuo kikuu ndiyo kabisa. Asubuhi moja nikabeba jembe nikamfuata. Tulipishana na wanawake njiani wakaangua kicheko. Mama hakucheka wala hakunifukuza.

Tulichimba. Kiangazi majani ya mng'oko yamekauka, lazima ufuate kijiti chembamba kama uzi mpaka ardhini, na ukikivuta kwa pupa kinakatika, umekosa. Nilikata vingi. Mwishowe mama akasema niache niokote tu, nisimharibie. Nikaokota. Halafu nikasema, "Mama, lile jina lina nini?"

Alimaliza kwanza shimo alilokuwa akichimba. Alipoanza alisema Kimakonde, alivyokuwa akifanya kwa maneno mazito, nami nakupa kwa Kiswahili.

"Kabla yako nilizaa wawili," akasema. "Hawakufika kutembea. Ulipozaliwa wewe, bibi yako alivuka Ruvuma kutoka kwao Msumbiji akaja, akakutazama, akasema huyu tusimwonyeshe kwamba tunamtaka. Akakuchukua akakulaza jalalani, juu ya maganda ya muhogo. Jirani akapita, akajifanya kakuokota. Mimi nikakununua kwake kwa kikapu cha makopa, muhogo wetu mkavu. Ndipo bibi yako akakupa jina lile, kifo kikipita kisikie kinachoitwa ni takataka, kiende zake."

Nikamwuliza kama aliamini hayo. Mama yangu alikuwa mtu wa swala tano.

"Uhai anao Mungu," akasema. "Lakini nilikuwa nimezika wawili. Ungeniambia nile mchanga ningekula. Bibi yako akaniambia hata jina lenyewe nisiliite kwa mapenzi, nikuite kama kitu nisichokitaka. Nikakuita hivyo. Wenzangu wakiwaita watoto wao, nasikia, mimi nauma meno. Nikasema subiri, atakwenda jandoni, atakuwa amevuka, nitamwita nitakavyo."

"Mbona hukuniita?"

"Ulitoka mwanamume. Mwanamume habembelezwi, na jina lilikuwa limeshabaki porini. Ningekuita kwa lipi?" Akachimba kidogo, akaacha. "Rafiki yako ameliita vizuri siku ile. Ameliita nilivyokuwa nataka kuliita mimi. Nikasikia kwamba linaitika vizuri, na mimi sikupata kuliita hivyo hata siku moja."

Mwanangu, niliacha kuokota. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, methali hiyo nilikuwa naiandika kwenye insha tangu shule ya msingi, napata alama zangu, wala sijui nimeandika nini. Nililia. Kisha nikamwambia, "Hapa hakuna mtu. Niite."

Akakataa. Akasema ni mwiko. Nikamwambia kuku nitalipa mimi. Hapo akacheka kidogo, akatazama huku na huku kama mtu anayeiba muhogo wa jirani, akaniita. Aliliita polepole, akalivuta mpaka mwisho. Nikaitika, "Naam, mama." Akaniangalia, akafuta uso kwa ncha ya khanga, akasema, "Haya, okota hizo, jua linapanda."

Hakuniita tena hivyo mpaka anaingia kaburini, na sikumwomba tena. Siku ya kuondoka alitusindikiza mpaka barabarani, mimi na Kamugisha, na ming'oko ya kuchemsha kwenye mfuko. Gari lilipokuja akasema mbele ya watu wote, kwa ile sauti yake kavu, "Bakari, panda, unangoja nini?" Watu wa pale walisikia mama mkali. Mimi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia alichokuwa akiniambia tangu nazaliwa, nikapanda gari nimeinamisha uso Kamugisha asinione.

Basi haya ndiyo niliyotaka kukwambia kabla hujaondoka. Utafika chuoni utadhani utoto ni wako peke yako, unaweza kuutupa ukitaka, au kuukumbatia ukitaka. Wengine wataona haya kwa majina yao, kwa vyakula vyao na kwa lafudhi ya nyumbani, wakauzika utoto wao haraka wasionekane washamba. Wengine watatuma nguo chafu nyumbani zifuliwe na mama mpaka mwaka wa tatu. Wote hao hawajajua kwamba utoto huagwa na watu wawili. Wewe unauaga ukielekea mbele, una mambo mengi ya kukuchangamsha. Mzazi wako anauaga amesimama palepale, na nusu yake anayoijua yeye wewe huijui: ulivyougua kabla hujajua kusema, alichokifanya akakificha, alichotaka kukwambia wakati ukapita.

Kwa hiyo muulize. Kuuliza si ujinga, na huko unakokwenda watakufundisha kuuliza habari za mataifa yote, nawe anza na mama yako. Usimwulize kwa kumhoji kama askari. Shika kazi aliyoishika yeye, menya naye muhogo, bangua naye korosho, na neno litakuja lenyewe. Uliza sasa, akiwa na kumbukumbu na pumzi. Mimi nilibahatika kwa sababu ya mgeni asiyejua desturi. Wewe usingoje bahati.

Na simu yake ikiita uko na wenzako kantini, ukajua atakuuliza tu kama umekula, pokea. Atakuuliza kwa ukali pengine, atakugombeza kwa nini hukupiga jana. Usiseme mama ananichosha. Huwezi kujua ni neno gani limemshinda kulisema, akaliweka ndani ya hilo la chakula.

Nenda, mwanangu. Mola akufikishe salama, akupe akili ya kusoma na macho ya kuona watu. Akukuze usimsahau yule mdogo uliyekuwa. Mama yako ambaye sasa yuko chumbani anakunja nguo zako, ambazo umeshazikunja, amhifadhi na ampe umri. Na kabla hujafunga hilo begi, ingia jikoni, siku hizi haikatazwi, umsubiri, akitoka chumbani mkae, umwulize. Amina.