Fundi wa maabara anayetoka nje yakiingia mafuta ya mama mkwe

Saa tatu asubuhi, Rumonge. Hadjara amekaa kwenye benchi nje ya maabara yake mwenyewe, koti jeupe mwilini, mikono mapajani. Ndani, mwenzake Venanti anapima mawese. Kando ya Hadjara amekaa mwenye mafuta hayo, mama mkwe wake, Mama Chausiku.

Hadjara ni fundi wa maabara katika kituo cha chuo kikuu kimoja. Jumamosi huwafundisha ukamuaji akina mama wa chama cha mawese Nyanza-Lac, nao humpa nauli na kidumu cha mafuta. Mwenyekiti wao ni Mama Chausiku.

Hakuna aliyejali undugu huo, mpaka chama kilipotaka cheti cha ubora, kinachotolewa na maabara hiyo, ili kiuze Bujumbura. Wakati huohuo chuo kikawataka wafanyakazi wataje kazi zao za nje. Hadjara akaitaja yake.

"Kufundisha, endelea," mkuu wake, Hubert, alimwambia. "Lakini mafuta yao usiyaguse. Utatoka nje, atapima Venanti."

Venanti, ambaye kazi yake ni kupima maji ya ziwa, alikuta maji hata kwenye mawese. Mafuta yakaanguka, yakanyimwa cheti.

"Mukamwana iko ndani ya labo, na mimi naanguka?" Mama Chausiku alimfokea mkwewe.

"Sikuwa ndani, mama. Nilikuwa kwenye benchi."

"Benchi! Mutoto wangu alioa benchi?"

Tangu hapo akawa anamwita "Madamu Labo" na kumkaribisha chai kama mgeni wa serikali.

"Afadhali angenitukana," Hadjara anasema. "Nilitamani kuingia nipime mwenyewe. Lakini nikiingia, nani ataamini hicho cheti?"

Jumamosi iliyofuata alikwenda Nyanza-Lac, akawaonyesha upya namna ya kuchemsha mpaka maji yaishe. Mama Chausiku alisimama nyuma kabisa, amenuna, lakini masikio wazi.

Mafuta waliyokamua baada ya somo hilo ndiyo yanayopimwa leo. Mlango unafunguka, Venanti anachungulia.

"Yamepita."

Mama Chausiku anamkumbatia mkwewe nusura wadondoke wote wawili. Kufika mchana yuko sokoni, anatangaza: "Yangu imepita mukamwana akiwa inje! Nani mwingine anaweza kusema hivyo?"

Sasa wauzaji wasio na undugu wowote na Hadjara wanafika maabara wakidai atolewe nje yao pia yakipimwa.

"Naomba chuo kiajiri fundi mwingine," anasema. "Venanti wa watu amechoka. Na mimi nikiwakubalia hawa wote, nitazeekea nje na koti langu jeupe."