Godoro la Mwalimu Mstaafu

Juzi, katika duka la vitambaa na magodoro Kilwa Masoko, mwalimu mstaafu alibonyeza godoro kwa kiganja, akabonyeza tena, kisha akashika kiuno kinachomsumbua.

"Shikamoo mwalimu. Pensheni unayo, mikorosho kule Mitole unayo. Chukua!" alisema muuzaji.

"Marahaba. Hizo pesa ni za uzeeni, mwanangu."

"Uzee gani tena? Si umefika sabini?"

"Sabini na mbili," alisahihisha.

Mimi na muuzaji tulicheka, naye akacheka. Kisha akaliacha godoro, akaomba bafta ya sanda yake, akalipa taslimu bila kupunguziwa. "Sitaki wanangu waje kuchangisha," alisema, akaondoka taratibu akiwa ameshika kiuno.

Nina miaka ishirini na saba, na kila mwezi naweka akiba ya uzeeni. Nilikuwa nimekwenda kununua mto. Nilirudi bila mto.