Uso wa Baba Kutoka Mbele

Harufu ya boksi la sabuni ya kipande ikinipata dukani, mkono wangu wa kulia hutafuta penseli. Ni harufu ya magadi na karatasi iliyolala penye unyevu, na kwa wengi wenu huenda haina maana yoyote. Kwetu Kibera ilikuwa harufu ya ukuta. Mama aligongomea maboksi hayo juu ya udongo wa chumba chetu ili vumbi lisitudondokee, na yaliyobaki akanipa mimi. Upande wa ndani wa boksi hauna maandishi. Hapo nilichora watu wa katuni.

Ilikuwa miaka ya tisini, kuelekea mwisho wake, na hatukujua kwamba zilikuwa katuni za Kijapani. Tuliziona Kawangware, ambako shangazi, dada ya Baba, alipanga chumba katika ploti ya Mama Wangari. Jumapili, baada ya kanisa, Baba alikwenda kumjulia hali dada yake, nami nikamfuata nyuma. Tulipita Ayany, tukavuka Ngong Road, tukashika njia ya Riruta. Mama Wangari alikuwa na televisheni sebuleni na aliwaruhusu watoto wa wapangaji na wageni wao waketi sakafuni.

"Miguu kwanza!" alipaza sauti akiwa mlangoni. "Mtu akiniingizia matope ya Kibera hapa, ataitoa na ulimi."

Tuliosha miguu.

Nilikuwa mtoto wa kutaka kujua kitu kinafanywaje. Sura zilipita upesi kwenye kioo, kwa hiyo kila Jumapili nilichagua jambo moja tu la kutazama, nikalibeba kichwani hadi nyumbani. Uso ulioelekea mbele haukunishinda: duara, kidevu chembamba, mstari wa kusimama katikati na mwingine wa kulala chini yake kidogo, na macho makubwa kama vifuniko vya soda. Uso ukigeuka, ule mstari wa katikati haubaki wima. Hujipinda kama uzi uliozungushiwa chungwa, jicho la mbali likapungua na pua ikabaki ncha. Nywele ndizo zilizonichelewesha. Nilizichora kama nyasi zilizoota kichwa kizima, mpaka nikatazama vizuri nikaona kwamba zote zinatoka utosini, zikishuka kwa mafungu yenye ncha kama majani ya mkonge. Ukishajua utosi uko wapi, waweza kumgeuza mtu utakavyo na nywele zake zikamfuata.

Hakuna aliyenifundisha hayo. Watoto wa ploti yetu walinipa walichokuwa nacho, yaani kicheko.

"We Auma, hawa watu wako wameona nini? Macho imewatoka ni kama wamepatana na askari wa kanjo!"

"Na wamelala na nywele mvua," akaongeza mwingine.

Kisogo nilikijifunza kwa Baba. Hilo lilitokana na kutembea nyuma yake. Alikuwa na mikunjo miwili juu ya kola, kovu dogo chini ya sikio la kushoto, na simiti ya mjengo ambayo haikutoka kabisa kwenye nywele hata siku ya kanisa. Nilimjua pia kwa ubavu, alipokuwa akinywa chai. Kutoka mbele sikumtazama. Kwetu mtoto hakumwangalia baba yake machoni. Alipozungumza nawe ulitazama mikono yake, au sakafu. Niliwahi kujisahau mara moja, nikiupima uso wake kama nilivyopima nyuso za Kawangware, na Mama akanigonga kwa mwiko.

"Unamkodolea macho, ni rika yako huyo?"

Halafu Baba akaugua. Kilianza kikohozi, kikamkondesha, kikamtoa mjengoni. Safari za Jumapili zikaisha. Alichukua stuli yake akaiweka pembeni, akaketi akiuelekea ukuta na kutupa mgongo. Alikula peke yake, kwa sahani yake na kikombe chake. Ndugu yangu mdogo, Otieno, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, akimwendea magotini, Baba alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka na kumzuia asifike.

"Nenda kwa mama yako."

Nilikata shauri kwamba ametuchoka. Nilimchora hivyo, mgongo, kisogo, mikunjo miwili, na kwa mara ya kwanza mchoro wangu ukafanana na mtu.

Alifariki wakati wa mvua. Watu wetu hawazikwi Nairobi. Maiti hurudishwa nyumbani, na kwetu nyumbani ni kando ya ziwa. Kila jioni majirani na watu wa ukoo walikusanyika nje ya ploti kuchanga nauli ya safari hiyo, na juu ya meza palihitajika picha, ili hata mpita njia ajue ni nani anayeliliwa. Baba hakuwa na picha. Ile ya kitambulisho ilikuwa imeingia maji, ikabaki doa la kijivu lenye masikio.

"Sasa watu watajuaje tunapeleka nani?" aliuliza Baba mdogo Owuor, ndugu aliyemfuata Baba kwa kuzaliwa, ambaye ndiye aliyeshika mambo yote ya msiba.

"Si kuna huyu msichana wa kuchora?" akasema jirani.

Nilifurahi, na furaha hiyo naikumbuka vizuri kuliko machozi. Nilikaa na boksi safi, nikachora duara, kidevu, mistari miwili. Kisha nikatafuta macho yake nikakuta sina. Nilijua masikio, kovu, taya, namna shavu lilivyoingia ndani alipovuta chai. Katikati palikuwa patupu, kama yai. Nikaweka macho niliyoyazoea.

Baba mdogo alilishika boksi akalitazama kwa muda.

"Huyu ni ndugu yangu Ochieng ama ni mwimbaji?"

Nikachora tena, safari hii kwa nyuma na ubavu kidogo, nilivyomjua. Mama aliuona akaanza kulia, akasema, "Ni yeye." Lakini Baba mdogo alitikisa kichwa, bila ukali.

"Ni yeye, nimeona. Lakini mtu hawezi kupatia watu kisogo kwa matanga yake mwenyewe."

Nikamuuliza Mama macho ya Baba yalikuwaje. Akanijibu, "Yalikuwa macho tu, Auma. Macho ya mtu." Shangazi, aliyekuja kutoka Kawangware, alisema yalikuwa madogo. Jirani akasema hapana, yalikuwa makubwa, ni ugonjwa uliyafunga. Walianza kubishana. Mwishowe Baba mdogo akavuta stuli, akaketi mbele yangu, akavua kofia.

"Nichore mimi. Tulitoka tumbo moja. Toa ndevu, ongeza hiyo kovu, tumalize."

Nilimtazama usoni, kwa ruhusa, muda wote nilioutaka. Nilijizuia nisiyapanue macho. Ulikuwa mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kufanya, na ulisimama mezani hadi siku ya kusafiri. Waombolezaji waliutazama, wakamtazama Baba mdogo, wakautazama tena.

"Wanafanana hawa ndugu!" alisema mzee mmoja.

"Sana," akajibu Baba mdogo, macho yake chini.

Mchoro ulisafiri na jeneza, ukatundikwa nyumbani kwa bibi, na huko ukabaki. Otieno alikua akiutazama. Siku hizi anao kwenye simu yake, ameupiga picha akauweka mahali watu huweka wazazi wao. Nilimweleza zamani ni uso wa nani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata kama ni wa Baba mdogo," alisema. "Mimi sina mwingine."

Baba mdogo naye alifariki. Shangazi pia, na Mama. Walioujua uso ule hawapo, na mimi, niliyeishi nao chumba kimoja, nimejaza karatasi nyingi nikiutafuta. Najua sasa mifupa ya fuvu kwa majina, nilijisomea. Naweza kukugeuzia kichwa cha mtu yeyote nusu, robo, juu, chini. Katikati ya uso wa Baba bado ni yai.

Miaka michache iliyopita niliugua kifua. Muuguzi aliandika dawa, akaniuliza kama nina watoto. Nikasema ninao wawili, na tunalala chumba kimoja.

"Basi mpaka dawa zishike, usiwakoholee. Kula kando. Ukikohoa wape mgongo, angalia ukuta."

Aliyasema kama mtu anayesema lolote, akaita anayefuata. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka wakanijia kuniuliza kama nimepotea.

Jioni hiyo niliweka kiti pembeni nikauelekea ukuta. Kifungua mimba wangu alikuwa mezani akichora, kwa sababu naye huchora, watu wale wale wa macho makubwa, ingawa yeye ana vitabu vya kumwonyesha. Penseli yake ilisimama. Alimnong'oneza mdogo wake, akidhani sisikii.

"Mum ametukasirikia?"

Nilitaka kugeuka nimjibu. Uso wangu ulikuwa tayari una jibu lote, nililisikia likiukunja kuanzia mdomoni hadi machoni, na nikajua kwamba hivi ndivyo ulivyokuwa ule mwingine, upande wa pili wa kisogo. Kikohozi kikaja. Nikanyoosha mkono nyuma kumzuia asisogee.