Binti Aliyeiamkia Kanzu

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, na nikiikumbuka mwili bado unanisisimka. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kaole, hapa kando ya Bagamoyo, kutoka safari za bara. Miaka minne nilibeba bunduki kulinda misafara ya pembe za ndovu, enzi zile Mdachi hajatia mguu. Ningeweza kurudi mapema, nisikudanganye. Kila msafara ulipogeuka kuja pwani, mimi nilijiunga na unaokwenda mbele. Nilipenda kusifiwa njiani, basi.

Binti yangu Mwanahawa nilimwacha ananyonya. Mama yake, Saada, alinipokea kwa machozi, akanipa maji ninawe. Mtoto akatoka chumbani, akanipita kana kwamba sipo, akaenda kusimama mbele ya kanzu yangu kuukuu iliyotundikwa ukutani.

"Shikamoo, baba," akaiambia. Akanyamaza, akisikiliza. Kisha akatabasamu, akaenda zake kucheza.

Mie nikacheka. Saada hakucheka. Alinieleza kuwa aliitundika yeye, mtoto naye apate baba wa kumwamkia kama wenzake. Mwanzo ulikuwa mchezo tu, halafu mtoto akaanza kuleta majibu. Mwezi wa Rajabu alikuja mbio kusema baba analia, mguu wa kushoto unamuuma. Mwanangu, Rajabu hiyo nilikuwa nimelala Unyanyembe, huko bara, mguu wa kushoto umeoza kwa kidonda, nalia kama mtoto. Hakuna mtu wa pwani aliyejua. Nikaitazama ile kanzu. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini mkono wake mmoja ulikuwa ukicheza taratibu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Badala ya kumwogopa Mungu, nikaona wivu. Ndiyo, wivu, na nguo! Nikaitungua, nikaivaa, nikamwita mtoto aje amwone baba yake. Ilikuwa ya moto, kama imevuliwa sasa hivi. Mwanahawa akaja mpaka mlangoni. Akanitazama mimi, akatazama ukuta, akanitazama tena. Akarudi nyuma.

"Mama," alisema, "huyu mgeni amemla baba."

Nikaivua upesi, nikairudisha mahali pake. Haikusaidia. Kesho yake aliiamkia, akasubiri, akasubiri, kisha akamwendea mama yake kumwambia haijibu tena. Mtoto alikuwa amefiwa, na mimi ndiye niliyemuua baba yake. Nililia, sioni haya kusema.

Msafara uliofuata sikwenda. Wenzangu walinicheka sana. Nilikaa nikimmenyea mihogo, nikimchotea maji ya kuoga, nikimfundisha alifu kwa kijiti mchangani, na siku zote hizo naitwa mgeni. Mwaka wa pili ndipo alipokubali kukaa karibu yangu.

Leo ni mama wa watu wazima, ananitunza vizuri mno, Mungu amlipe. Lakini watu wakija kunijulia hali, huwaambia, bila kinyongo chochote, "Huyu ni baba yangu wa pili."

Basi wewe uliyemwacha mtoto wako kule Miono, ukaona kumpelekea salamu kunatosha, nakwambia nenda mwenyewe. Kaa naye, ajue sauti yako na harufu yako. Akikununia, vumilia. Usipomlea wewe, hujui atajitafutia nani wa kumwita baba. Mola akufikishe salama, akukutanishe naye angali anakungoja wewe mwenyewe.