Ruka Kwanza

Kila tulipotumwa kuvuka mpaka wa Sarawak, kisiwani Borneo, kwa siri, mzee aliyetuongoza njia msituni alitupanga mstari na kutoa amri moja: "Ruka." Tuliruka na bunduki na mizigo yote, naye akipita kichwa kimeinama kama mama mkwe anayesikiliza mlangoni. Kikilia kitu, vidole vyake vinene vilikisaka mpaka kikapatikana. "Lanting, hilo kopo lako la tumbaku litatuzika sote." Nami nikalitupa.

Safari moja Kapteni Pelham, Mwingereza mrefu kama mlingoti, aliruka bila kitu chochote kulia, kisha akasema kwa upole, "Sasa wewe, mzee." Hakuna aliyewahi kuthubutu. Mzee akaruka, na shingoni mwake zikagongana kokoto mbili: hirizi ya babu yake, kinga yake ya risasi. Bila hiyo haendi, na bila yeye tungepotea kabla ya chakula cha mchana.

"Si uifunge kitambaa," nikamwambia.

"Babu yangu hafungwi kama maiti."

Akafikiri, akazitia kokoto kinywani, moja kila shavu. Siku sita alituongoza kwa mikono tu, mashavu yamevimba kama ya tumbili mwizi wa mpunga, asiweze kumkaripia mtu. Tuliporudi wazima, sote tulikubaliana kwamba hirizi ile ina nguvu.